Nyumba ya Vyumba Sita

Jumamosi ya mwisho kabla mafundi hawajaja kung'oa bati, mimi na kaka yangu tulikwenda Ilala na futi kamba, daftari na kalamu mbili, tukaipima nyumba ya bibi yetu mzaa mama kuanzia kidato cha kwanza cha baraza hadi ukuta wa mwisho wa uani. Yeye alishika ncha ya futi, mimi niliandika. Hakuna aliyetutuma. Warithi walikwisha kukubaliana na mwekezaji, karatasi zilikwisha kusainiwa, na mahali pale patasimama jengo la ghorofa sita. Nilichotaka ni vipimo vibaki mahali fulani, kwa kuwa nyumba ya namna ile haina ramani. Fundi aliyeijenga aliibeba kichwani, kama mafundi wengine wa zama zake, na alipofariki alikwenda nayo.

Kazi ninayoifanya ni uthamini wa majengo. Katika taarifa zetu, nyumba kama ya bibi humalizwa kwa mistari miwili: jengo limechakaa, thamani iko kwenye kiwanja. Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi, na kitaaluma ni sahihi, kwa sababu anayenunua kiwanja cha Ilala au Kariakoo halipii kuta za udongo. Lakini bei ya soko ni swali moja tu kati ya maswali ambayo nyumba inaweza kuulizwa. Linalonishughulisha hapa ni jingine: nyumba inamfanyia nini mtu katika ile nafasi iliyo kati ya barabara na kitanda chake? Mtu hatoki barabarani akaangukia kitandani. Pana mahali pa kusimama na kusalimia, pana mahali pa kuvua viatu, pana mahali mgeni anapoishia, na pana mahali ambapo hata ndugu hupiga hodi. Kila mji duniani umelijibu swali hilo kwa namna yake. Jibu la Dar es Salaam, kwa muda mrefu kuliko jibu jingine lolote, lilikuwa nyumba ya vyumba sita.

Kwa msomaji ambaye hakukulia humo, nitaieleza kama tulivyoipima. Mbele kuna baraza lenye kimo cha kukalia na upana wa futi nne, limeenea upana wote wa nyumba na kukatwa katikati na mlango. Mlango huo unafungukia koridoni, mahali ambapo wazee wetu walipaita ukumbini, na korido inanyooka bila kona hadi mlango wa nyuma. Vyumba vitatu viko kulia, vitatu kushoto, kila kimoja futi kumi kwa kumi na mbili, chenye dirisha linalotazama nje na mlango unaotazamana na mlango wa jirani. Mlango wa nyuma unakutoa uani, ambako kuna jiko, bafu, choo, stoo na, kwa nyumba yetu, banda la vyumba viwili lililoongezwa baadaye. Ua wote umezungukwa na ukuta unaozidi kimo cha mtu. Milango yote miwili ikiwa wazi, aliyeketi barazani akigeuza shingo anaona mwanga wa uani mwisho wa korido, na upepo unapita njia hiyohiyo ya macho. Katika mji wenye joto la Januari kama letu, korido ile ilikuwa mahali pa kulala mchana. Watoto tulitandikiwa mkeka pale, vichwa vikielekea uani.

Sakafu ya korido ni ya sementi nyekundu. Tulipoipima tuligundua kitu ambacho kwa miaka yote nilikikanyaga bila kukiona: mbele ya kila mlango wa chumba kuna kijibonde kidogo kilichochimbwa na miguu, na kijibonde cha mlango wa bibi, cha kwanza kulia, ni kirefu kuliko vingine. Kaka aliweka ubao sawa juu yake na kuchomeka rula chini. Ilikuwa sentimita moja na nusu. Karibu na mlango wa uani pana duara ambapo wekundu wa sakafu bado unang'aa kama siku ulipopakwa. Hapo ndipo ulipokaa mtungi wa maji. Kaka alilipima duara hilo pia, inchi kumi na tano, ingawa sikumwomba.

Bibi alikaa chumba cha kwanza kulia kwa sababu iliyo wazi kwa kila mwenye nyumba wa zamani. Anayeingia anapita mbele yake, na anayetoka vilevile. Vyumba vitano vilivyobaki alipangisha, kimoja kimoja, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyowasomesha mama na ndugu zake. Wapangaji walikuwa Wamanyema, Wazaramo, Wanyamwezi, Wachaga waliokuja na biashara, na kwa kipindi fulani familia moja kutoka Kigoma iliyoishi watu saba katika chumba kimoja. Kila mwanamke alikuwa na jiko lake la mkaa uani na mahali pake panapojulikana. Ugomvi ulikuwepo, na sipendi maandishi yanayoufuta. Choo kilikuwa kimoja kwa watu zaidi ya ishirini, foleni yake ya alfajiri ilikuwa mateso kwa wagonjwa na wajawazito, na umeme uliposomwa kwenye mita moja hapakuisha maneno juu ya nani ana pasi na nani ana friji. Kuta za ndani hazikufika paani, kwa hiyo hewa ya joto ilitoka kwa juu, lakini na siri zilitoka njia hiyohiyo. Mtu aliyekuwa na huzuni chumba cha tatu, chumba cha pili walijua.

Hata hivyo, ndani ya msongamano ule palikuwa na mpangilio ambao kila mtu aliuelewa bila kufundishwa. Barazani ni pa wote: mpita njia akichoka anaketi, muuza kahawa anatua mzigo wake, wanaume wanacheza bao. Koridoni ni pa wakazi na wageni wao. Uani ni pa wanawake na watoto, na mwanamume asiye wa nyumba hiyo hafiki bila kukohoa kwanza. Chumbani ni pa mwenye chumba. Ni hatua nne, na ukizihesabu kwa miguu hazizidi futi sitini.

Watu wengi, wakiwemo wenzangu wa taaluma ya ardhi, huichukulia nyumba hii kama mtoto maskini wa nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja. Sikubaliani nao. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na alichokitaja kuhusu majengo yake ni kwamba yalijengwa kwa miti. Majumba ya mawe ya Kilwa tunayatembelea leo kwa sababu yamesimama. Za miti na udongo, ambazo ndizo walizoishi watu wengi, zimerudi ardhini. Nyumba ya udongo na nyumba ya mawe zimekuwa pamoja pwani tangu zamani, na zote mbili zinafuata utaratibu uleule wa kuingia taratibu.

Utazame katika nyumba ya zamani ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Unaanza dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Unaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inapinda, ili mlango ukiwa wazi jicho la barabarani ligote ukutani. Kisha unatokea kiwanda, yaani ua mdogo ulio wazi juu, halafu misana, ambayo ni vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, halafu ndani, ambako ukuta umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa zilizochongwa kwa subira kubwa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko unaofaa kwa boriti haubebi dari pana zaidi ya mita tatu hivi. Msitu wa mikoko, kwa maana hiyo, ndio uliopanga upana wa maisha ya watu wa mjini. Mwisho kabisa wa nyumba, nyuma ya yote, kuna nyumba ya kati, chumba kidogo kisicho na mapambo ya kuonyesha wageni. Humo wanawake walijifungulia na humo maiti ziliogeshwa. Msomaji alishike hilo, maana nitalirudia.

Nyumba ya Dar es Salaam ilichukua utaratibu huo ikaunyoosha. Kona ya tekani ikawa korido iliyonyooka, na kusitiri kukaachiwa pazia la mlango wa nyuma. Sababu, kwa maoni yangu, ni kodi. Nyumba ya Lamu ni ya ukoo mmoja unaojificha na macho ya nje. Nyumba ya Kariakoo ni ya mwenye nyumba na wageni waliokuja mjini kutafuta kazi, ambao kila mmoja anahitaji mlango wake na kufuli lake. Vifaa navyo vilikuwa vya kuokoteza. Nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba pande zote mbili, mawe madogo yakajazwa katikati, udongo ukakandikwa na baadaye ukasiribwa. Ukuta uliokuwa bado haujasiribwa, fito zake zikionekana, watu waliuita mbavu za mbwa. Juu palianza makuti, yakaja madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha bati. Mwenye nyumba akipata fedha alibomoa ukuta mmoja wa udongo na kuinua wa tofali za sementi mahali pake, wapangaji wakiwa ndani. Nyumba ya bibi ilikuwa na kuta tatu za tofali na zilizobaki za udongo, na ukigonga kwa kidole unasikia ni mwaka gani mavuno ya kodi yalikuwa mazuri.

Serikali za kikoloni zilikuwa na mkono wao katika jambo hili. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina za majengo. Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa mistari iliyonyooka kabla ya vita kuu ya kwanza, na Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ambalo ndilo jina lililogeuka Kariakoo midomoni mwetu. Baada ya vita mji ukawekwa katika kanda tatu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga Uhindini na mitaa ya Waafrika. Nyumba ya vyumba sita ilikaa vizuri sana katika viwanja vile vya mstatili vilivyopangwa bega kwa bega. Baadaye ikaenea Ilala, Temeke na Magomeni. Nairobi nako, wenye nyumba wa Pumwani walijenga kwa mtindo huu huu, na wengi wa waliojenga walikuwa wanawake waliojitegemea. Jambo hilo linanigusa, kwa kuwa bibi yangu naye alijenga akiwa ameachika, na hakuna benki iliyomkopesha.

Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na hata leo wazee huyaita majengo ya katikati ya mji "nyumba za Msajili". Nyumba za Kiswahili, kwa jumla, hazikufikia kiwango hicho. Unyonge wake wa thamani uliziokoa, na zikaendelea kupokea watu walioingia mjini mwaka hadi mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Ninapoitazama namba hiyo huwa najiuliza ni wangapi kati yao, au wazazi wao, walilala usiku wao wa kwanza mjini katika chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili.

Wajerumani waliotupangia mji mwaka 1891 walitoka katika nchi yenye tatizo lake la nyumba. Berlin ya wakati ule ilikuwa imejaa majengo ya kupangisha yaliyozungushwa kwenye nyua, moja nyuma ya nyingine, na kanuni ya mwaka 1853 ilitaka ua uwe na angalau mita 5.34 kila upande, kipimo kilichotosha pampu ya zimamoto kugeuka. Jengo lililojulikana zaidi, Meyers Hof katika mtaa wa Ackerstraße, lilikamilika mwaka 1874 likiwa na nyua sita mfululizo, na wakati wa msongamano mkubwa liliwahi kubeba takriban watu 2,000. Nimelitafakari sana lile tundu la mita 5.34. Ua wa bibi, tulipoupima, ulikuwa mita 6.1 kwa 7.4. Ni ua mdogo, lakini ulikuwa wazi juu ya paa moja tu la chini, na jua liliufikia tangu saa tatu asubuhi. Ua wa Berlin ulikuwa shimo chini ya ghorofa tano. Kipimo cha sakafu peke yake hakimwambii mtu kama ua ni ua.

Tena ua unaweza kufa hata bila ghorofa. Beijing walikuwa na siheyuan, nyumba ya majengo manne yanayozunguka ua mmoja, na nyuma tu ya mlango wa barabarani kuna ukuta wa kusitiri unaofanya kazi ileile ya kona ya tekani. Baada ya mwaka 1949 familia nyingi ziliwekwa katika ua uliokuwa wa ukoo mmoja, kila familia ikajijengea jiko dogo, kisha kistoo, hadi katikati pakabaki njia ya kupita baiskeli. Nilipolisoma hilo nilikumbuka banda la uani la bibi, na mabanda ya majirani zake. Kodi ililipa ada, na kila chumba kilichoongezwa kilimega mahali pa kuanikia, kupikia na kuchezea. Walioanza kuumaliza uani ni sisi wenyewe, kabla mwekezaji hajaja.

Wajerumani walitupangia tena mara ya pili, safari hii wa Mashariki, na safari hii Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka watu wa Ng'ambo, waliokuwa katika nyumba za udongo upande wa pili wa mkono wa bahari uliofukiwa, wapate makazi ya heshima sawa na mtu yeyote. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki yakachorwa majumba ya Michenzani, marefu kiasi cha baadhi yake kukaribia mita 300, yakipangwa kando ya njia mbili pana zinazokatana. Wananchi walijitolea nguvu zao katika ujenzi. Kuna watu wanaoyabeza leo kwa ukubwa na ukavu wake, nami siwezi kuungana nao, kwa sababu nia iliyoyajenga ilikuwa ya haki, na aliyepata maji ya bomba na choo cha ndani kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na sababu ya kuyabeza. Lakini wachoraji waliliacha kando swali langu. Kutoka mlango wa fleti unatumbukia ngazini, kutoka ngazini unatumbukia kwenye uwanja mpana usio na mwenyewe. Hatua nne zikawa mbili. Nilipokwenda, jioni moja, niliwakuta wakazi wamekwisha kujitafutia jibu chini ya majengo: viti vya sementi karibu na milango ya ngazi, meza za kuuzia urojo na mishikaki, wazee na kahawa yao. Baraza lilikuwa limerudi kwa miguu yake. Uani hakukurudi, kwa kuwa wanawake hawawezi kuuzungushia ua uwanja wa wote.

Mpaka hapa nimeyaandika mambo ambayo mtu anaweza kuyafikia kwa kusoma na kutembea. Kilichonifanya niyaandike sasa ni misiba miwili.

Bibi alifariki nyumbani kwake Ilala, usiku. Kulipokucha turubai lilikwisha kufungwa kutoka kwenye baraza letu hadi ng'ambo ya mtaa, na barabara ikafungwa bila mtu kuomba kibali kwa yeyote ila kwa mjumbe. Wanaume walijaa barazani na chini ya turubai. Wanawake walijaa vyumbani na koridoni, wapangaji wakiwa wametoa vitanda vyao uani ili mikeka itandikwe. Bibi alioshwa na kukafiniwa katika chumba cha mwisho kushoto, kilicho karibu na maji, na mlango wa nyuma ukafungwa. Wakati wa kumtoa, jeneza lilipita koridoni likiwa limebebwa sawasawa, watu wawili mbele na wawili nyuma, bila kuinama na bila kugeuzwa. Niliona vile kama jambo la kawaida. Korido yetu ina upana wa futi tano na nusu, na sasa ninajua kwamba fundi hakuikisia.

Mama mdogo alifariki miaka minane baadaye, ghorofa ya tano, katika jengo zuri na safi ambalo wanawe walimnunulia fleti kwa fahari kubwa. Fleti ile ilikuwa na hati yake, jambo lililowezekana tangu sheria ya mwaka 2008 iliyoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Ilikuwa na vyumba vitatu, kimoja masta, maji hayakukatika, na uzee wake wa mwisho aliupitisha kwa raha kuliko bibi. Hilo nalisema bila kinyongo. Lakini siku ile hatukuwa na mahali. Lifti ilikuwa fupi kuliko jeneza. Turubai lilikatazwa kwenye maegesho, kwa kuwa kanuni za jengo zinataka magari yapite. Wanawake walisimama ngazini kuanzia ghorofa ya tano hadi ya tatu, wakiwapisha wakazi wengine waliokuwa wakienda kazini na ambao hawakujua waseme nini. Aliogeshwa bafuni, mahali ambapo watu wawili wakisimama wa tatu haingii, na waosha walipokezana mlangoni. Kwenye kila kitua cha ngazi ilibidi jeneza lisimamishwe kwa pembe ili lipinde, na kaka yangu, aliyekuwa upande wa chini, alilizuia kwa kifua chake. Vitua vilikuwa tisa. Hakuna aliyekosea siku ile. Waliolichora jengo walihesabu kulala, kupika, kuoga na kuegesha gari, na kufa hakukuwamo katika hesabu.

Wapo waliolihesabu. Singapore, ambako karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi katika maghorofa yaliyojengwa na bodi ya nyumba ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1960, majengo mengi yaliachwa wazi chini, bila vyumba wala maduka, nguzo tupu na sakafu. Katika uwazi huo Wamalay hufanyia harusi zao na Wachina huweka misiba yao kwa siku kadhaa, wakazi wa juu wakipita kando kwa heshima. Ni maghorofa marefu kuliko yetu na ardhi yao ni ghali kuliko yetu. Hata hivyo walikubali kuipoteza kodi ya ghorofa ya chini, kwa kuwa mwenye jengo ni serikali na serikali inaweza kusubiri faida ya namna nyingine. Magomeni Kota, ambako familia 644 zilirejeshwa mwaka 2022 katika maghorofa yaliyojengwa mahali pa nyumba zao za zamani, nako mwenye jengo ni serikali. Kwa hiyo uwezo wa kuamua hivyo tunao.

Kwa mwekezaji wa kiwanja cha Ilala mambo ni tofauti, na mimi ninayefanya kazi ya namba siwezi kujifanya sizioni. Chumba cha duka cha ghorofa ya chini hulipa kodi kubwa kuliko fleti iliyo juu yake. Kuacha nafasi ya duka moja wazi ni kumwambia mtu aache fedha mezani kila mwezi kwa miaka yote ya mkataba. Tulipokutana naye warithi wote, katika sebule ya mjomba, mchoraji alitandaza ramani juu ya meza na kutuonyesha maduka manne chini, fleti mbili kila ghorofa, lifti moja, tangi la maji juu ya paa. Mjomba ana miaka themanini na moja. Alivaa miwani, akaifuata ramani kwa kidole kuanzia fleti ya juu kabisa hadi mlango wa chini, kisha akauliza, "Mwanangu, maiti inatokea wapi?" Kijana yule hakukasirika wala hakucheka. Alisema, "Shikamoo mzee, hilo sikulipiga hesabu," akachukua penseli.

Mazungumzo yaliendelea kwa wiki tatu. Tuliomba nafasi ya duka moja iachwe wazi. Mwekezaji alikataa, akatuonyesha namba zake, na namba zake zilikuwa za kweli. Tuliomba sehemu ya paa izungushiwe ukuta, iwe na bomba na kamba za kuanikia, pawe uani kwa wakazi wote. Hilo alilikubali kwa nusu ya paa. Tuliomba baraza mbele ya jengo, na tumepewa lenye upana wa futi mbili na nusu, kwa kuwa mstari wa barabara hauruhusu zaidi. Tuliomba chumba kimoja chenye maji, karibu na mlango wa nyuma. Kimechorwa, kikaandikwa "stoo ya jumla", nasi tunajua ni cha nini.

Kuhusu ngazi, nililifungua daftari letu mbele ya mchoraji na kumsomea kipimo cha korido. Aliuliza kama kaka na mimi tulipima ukuta hadi ukuta au lipu hadi lipu. Tukamwambia lipu hadi lipu. Katika ramani ya mwisho, iliyopitishwa mwezi uliopita, upana wa ngazi na wa kila kitua umeandikwa milimita 1,680.